Jua Lililohama Dirishani kwa Papa

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze. Blanketi la sufu likipigwa na jua hutoa harufu kama ya mkate uliotoka motoni sasa hivi. Kila ninapoinusa namwona Papa kitandani, katika nyumba yetu ya Buyenzi.

Alikuwa fundi wa magari mpaka siku lori lilipomponda mgongo gereji. Mama alikiweka kitanda chake chini ya dirisha la kaskazini. Mwezi wa sita jua lilimpitia kila siku: asubuhi miguuni, saa sita magotini, saa tisa kifuani. Jua lilipokuwa likishukia milima ya Congo, mwanga wake ulikuwa ukipanda kuelekea usoni pake. Jirani yetu alimwambia Mama, "Hii jua ndiyo inamushika." Nilikuwa na miaka minane; neno hilo nililichukua lilivyo: jua likimwachia, Papa atakufa.

Mwezi wa tisa kile kipande cha mwanga kikaanza kusinyaa. Kilirudi nyuma, kikakwea ukingo wa dirisha, na mwezi wa kumi hakikuingia tena. Niliogopa sana, lakini sikumwambia mtu. Nikatafuta kioo cha pembeni cha gari katika vyuma vyake vya zamani, nikasimama uani, nikamrushia jua kifuani mpaka mkono ukafa ganzi.

"We Zuhura!" sauti yake ikatoka ndani. "Hii jua inatetemeka hivi, iko na malaria?"

"Apana, Papa. Ni ile ya kila siku."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniita, akanikalisha pembeni yake.

"Jua haijanikimbia, mama. Imehamia upande wa Kanyosha, kule kusini. Kila mwaka inafanya hivyo. Mwezi wa tatu itarudi hapa. Pumzisha mukono."

Alifariki mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu mwanga uliingia, ukalala juu ya kitanda kitupu, nami nikaukasirikia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Siku ile Papa alimwona mtoto aliyejibebesha uhai wa mtu mzima, akamtua mzigo mapema, nisije nikaamini kwamba alikufa kwa sababu mkono wangu ulichoka.

Kama kwako kuna mtoto, chomekeni kijiti mahali tambarare. Saa sita mchana wekeni jiwe pale kivuli kinapoishia. Mwezi ukipita, saa ile ile, wekeni jingine, mtoto ajionee kwamba jua huhama tu, halimkimbii mtu.