Vidole vya Baba Mdogo

Baba aliuawa kwa panga nyumbani kwetu Vitengeni nikiwa darasa la sita. Asubuhi ile mama alinunua chupa mpya ya chai dukani, akaijaza, akamwachia baba, kisha akaenda sokoni nasi tukaenda shule. Aliporudi alimkuta sakafuni, na mezani vikombe viwili. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mvi za baba ni za uchawi. Polisi waliichukua ile chupa jioni ile ile, wakatuhoji, kisha kimya. Miaka ikapita.

Aliyetulea ni mdogo wake baba. Alisema siku ile alikuwa Jilore matangani, na alifika kesho yake akilia kutushinda sisi. Yeye ndiye aliyemuosha maiti. Akalima shamba letu tukala, na nilipoolewa akasimama mahali pa baba.

Mwaka jana alitafuta kazi ya ulinzi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Wakamtaka alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Nilimsindikiza mwenyewe Malindi. Askari akampaka wino, akamgandamiza kidole kimoja kimoja.

"Hizi zinakwenda wapi?" baba mdogo akauliza.

"Nairobi, mzee. Zinapitishwa kwenye kompyuta."

Nikamtania, "Unaogopa nini, baba? Umeiba kuku?"

Hakucheka. Nikadhani ni uchovu.

Cheti hakikuja. Badala yake alikuja mpelelezi nyumbani kwangu. Alinieleza taratibu kwamba alama za vidole za kesi za zamani sasa zimo kwenye kompyuta, na kila alama mpya hulinganishwa nazo. Ile iliyokuwa kwenye chupa yetu imepata mwenyewe.

"Lakini ni ndugu yake," nikasema. "Alikuwa akiingia mle kila siku."

"Chupa ilinunuliwa siku ile ile, dada. Na yeye alisema yuko Jilore."

Nikavikumbuka vile vikombe viwili. Kumbe alikaribishwa, akajimiminia chai ya kaka yake, akanywa, ndipo akainuka.

Nilipomweleza mama, hakulia. Alisema tu, "Na mimi nimempikia miaka yote hii."

Baba mdogo alikiri. Walikuwa wakigombania mpaka wa shamba, na uvumi wa uchawi aliusambaza yeye. Nilikwenda kumwona rumande. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, lakini mdomo ukanisaliti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwani sikuwalea?"

Alitulea kweli, tena vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko panga. Ningejua wapi pa kuanzia kumchukia kama angalau angetutesa.

Amefungwa maisha. Mwanangu wa pili nilikuwa nimempa jina lake, kwa heshima, kabla ya haya yote. Siku hizi mama hawezi kulitamka; humwita "wewe". Juzi mtoto aliniuliza bibi amemkasirikia nini, nikamwambia bibi amezeeka, anasahau majina.