Zahanati Iliyomsubiri Mgeni

Naitwa Maganga. Ni seremala na mfuga nyuki. Kijiji chetu kipo porini, mkoani Tabora, unaipita Ipole kisha unaiacha barabara kubwa. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa miaka hamsini na nne asiyewahi kulazwa hata siku moja. Nilipanda miti na kutundika mizinga kama kijana. Tena nilikuwa na cheo, na nakitaja mapema kwa sababu ugonjwa wangu ulipitia hapo hapo. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati, na ufunguo ulikaa kwangu.

Zahanati ile tuliijenga wenyewe mpaka kwenye lenta. Wanawake walibeba maji, wanaume tulifyatua tofali, kila kaya ilitoa mtu. Kisha tukaletewa bati, vitanda, na friji la sola la kuhifadhia chanjo. Baada ya hapo tukaambiwa tusubiri. Mgeni rasmi angekuja kuizindua, na ilitakiwa aikute mpya kabisa, nailoni zikiwa bado kwenye magodoro. Tukasubiri msimu mzima wa mvua, na kiangazi kikatukuta tunasubiri.

Muda huo wote nesi wetu, binti anayeitwa Neema, alitibu watu kwenye chumba cha kuazima katika ofisi ya kijiji. Alikuwa na meza moja na benchi. Chanjo zililetwa kwa pikipiki siku moja kwa mwezi, ndani ya kiboksi cha barafu, na zilizobaki zilirudi jioni hiyo hiyo. Akanifuata mara tatu kwa jambo moja.

"Shikamoo mzee Maganga."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifungulie chumba cha friji tu. Niliwashe, nikae na chanjo. Vingine vyote sitavigusa."

"Na mgeni rasmi akikuta limeshatumika?"

"Atakuta linafanya kazi, mzee."

Nikamwambia ana haraka za watu wa mjini. Ukweli ni kwamba niliona raha kuombwa. Mimi maisha yangu yote nimepanga foleni kwenye madirisha ya wenzangu, nikiambiwa njoo kesho. Nilipopewa ufunguo mmoja tu, nikajifungulia dirisha langu na mimi nikaanza kuwaambia watu njoo kesho. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hatimaye tukatangaziwa siku: Alhamisi. Nikapewa kazi ya kutengeneza jukwaa. Jumatatu yake nilikuwa juu ya ngazi nikifunga kitambaa kilichoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Niliposhuka nikakanyaga ubao wenye msumari uliosimama. Ulipita kwenye kandambili ukaingia kisiginoni mpaka nikahisi mfupa. Damu ilitoka kidogo tu. Nikafanya tunavyofanya siku zote huku kwenye tumbaku: nikachukua ugoro, nikaushindilia kwenye tundu, nikarudi kazini.

Neema aliniona mchana nachechemea. Akanikalisha, akautoa ule ugoro, akaosha kwa sabuni na maji mengi huku akinigombeza kama mama yangu.

"Umewahi kuchomwa sindano ya pepopunda?"

"Labda utotoni. Sikumbuki."

"Mimi hapa sina, inataka kukaa kwenye friji. Kesho asubuhi uende hospitali Sikonge. Usikose, mzee."

Nikamjibu nitakwenda mgeni akishaondoka. Jioni ile nilirudi nyumbani kwa kupita mbele ya zahanati, nachechemea, na ufunguo umo mfukoni. Wala halikunijia wazo lolote.

Alhamisi mgeni hakuja. Tukaambiwa amepata dharura, tusubiri Alhamisi nyingine. Kidonda kikafunga juu, maumivu yakapungua, na safari ya Sikonge nikaisahau.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilikaa kunywa chai na kiazi. Kinywa kikagoma kufunguka. Nikadhani ni jino. Mke wangu Tatu akanikanda shavu kwa kitambaa cha moto. Kufika adhuhuri shingo ilikuwa imekakamaa, na hata mate nilishindwa kuyameza. Midomo ilivutika kwenda pembeni, meno yakabaki nje. Jirani alipita akanisalimia kwa kilugha, "Mwadila! Mzee leo una furaha." Sikuwa nacheka.

Jioni Tatu aliangusha sufuria. Ule mlio ulinipiga mwili mzima. Mgongo ukapinda kwenda nyuma mpaka nikabaki nimeegemea kisogo na visigino. Nilijing'ata ulimi, damu ikajaa mdomoni, na nikajikojolea mbele ya mke wangu. Akili ilikuwa timamu kabisa. Huo ndio ukatili wa ugonjwa huu, unaona kila kitu na unasikia kila kitu.

Neema alikuja mbio. Aliniangalia mara moja tu. "Pepopunda," akasema, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari limeshaoshwa, lipo kwenye msafara wa kesho, haliwezi kutoka kwenye mstari bila ruhusa. Tatu akamnyang'anya simu.

"Mwambieni mgeni wenu mwenyeji anakufa."

Simu ikakatwa.

Alfajiri Neema alipata lori lililokuwa linapeleka tumbaku Tabora. Wakanilaza juu ya marobota, Tatu akiwa amekishika kichwa changu. Kila shimo la barabarani lilinikunja upya. Tulipokuwa tumekwenda nusu ya njia, askari wakatusimamisha pembeni: msafara wa mgeni unapita. Sisi watu wa Tabora tumezoea kupisha misafara tangu enzi za pembe na watumwa, kwa hiyo dereva alizima gari akasubiri bila kulalamika. Kisha king'ora kikalia. Pale ndipo nilipoacha kupumua. Tatu anasema nilikuwa mweusi wa bluu, na yeye alinipiga makofi kifuani huku magari yakipita moja moja. Sijui ni gari la ngapi nilipovuta pumzi. Katika msafara ule, anasema Tatu, gari la wagonjwa lilikuwa la mwisho, tupu.

Hospitalini Tabora waliniweka kwenye chumba chenye mapazia mazito. Daktari alimnong'oneza mke wangu, "Mama, humu hatuongei kwa sauti. Mlango ukigongwa tu anaweza kukata pumzi." Akauliza habari za msumari, Tatu akamweleza yote. Daktari akainama kukitazama kisigino changu. "Sindano ile ni ya bure," akasema. "Angeipata siku ile ile, huenda tusingekutana hapa."

Nilimsikia. Machozi yakatoka yakaingia masikioni, kwa sababu shingo ilikuwa haigeuki.

Nililishwa kwa mpira uliopitia puani wiki tatu. Mkojo ulitolewa kwa mpira mwingine. Nikikunjwa na maumivu walinichoma dawa ya usingizi, nikiamka nakunjwa tena. Misuli ya mapaja iliisha ikabaki ngozi. Siku kidole cha Tatu kilipopita katikati ya meno yangu, alilia kwa furaha, akanipa kijiko cha uji. Kutembea nilijifunza upya, kwa kushika vitanda vya wenzangu. Mpaka leo taya hulia nikipiga mwayo, na mizinga yangu naitazama nikiwa chini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Neema, Tatu, dereva wa lori ambaye hakudai chochote, na wauguzi walionigeuza kama mtoto. Nawe unayenisikiliza, ukichomwa na kitu, osha kwa sabuni, usitie ugoro wala majivu, nenda ukachomwe sindano siku hiyo hiyo. Na kama una kacheo, hata kadogo, waambie waliokupa kwamba mgonjwa hangoji utepe.

Niliporudi kijijini, zahanati ilikuwa imeshazinduliwa. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuja kunipa pole, akakaa, akasogeza kiti.

"Maganga, watu wakikuuliza, sema uliugua kabla friji halijaletwa. Tusije tukaonekana wabaya, mimi na wewe."

Siku kumi nzima nilifikiria. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama na fimbo yangu, nikasema yote kama nilivyowasimulia hapa. Mwenyekiti aliangalia chini. Nilipomaliza, Mama Kulwa akainuka. Ni mama wa makamo anayekaa upande wa kisimani.

"Mjukuu wangu alikatwa na jembe mwezi wa tatu," akasema. "Alikufa amekaza meno hivyo hivyo. Tukasema karogwa, shangazi yake akafukuzwa kijijini. Nataka kuuliza. Friji lilikuwa limeshaletwa?"

"Lilikuwa limeshaletwa, mama. Lilikuwa ndani."

"Na Neema alikuwa ameshakuomba?"

"Alikuwa ameshaniomba."

Akakaa chini, akajifunika kanga usoni. Nimetoa ushuhuda huu sehemu nyingi tangu hapo, na kila nikimaliza watu husema Mungu mkubwa. Siku ile hakuna aliyesema.