Entertainment ya Wakonyo

Ukimuuliza Wakonyo wa Makongeni anafanya kazi gani, atakujibu kwa neno moja: entertainment. Usimtafsirie kuwa burudani, atakukata kauli. Burudani, husema, ni ya mtu aliyejipeleka mwenyewe akalipa kiingilio. Entertainment ni ya mtu anayengoja. Kazi yake ni kumfanya asiinuke akaenda zake.

Hakufunzwa hayo darasani. Alikuwa akiuza vitunguu Thika, akagundua mapema kwamba mteja anayecheka hashiki njia. Basi akauhamisha mdomo kutoka kwenye vitunguu hadi kwenye maikrofoni, akawa MC wa ruracio, zile sherehe za mahari ambapo wazee hujifungia ndani wakipatana, na waliobaki huketi chini ya hema na njaa yao. Hakuna kula kabla wazee hawajaelewana.

Jumamosi moja alikuwa Ruiru kwa Mzee Gachau. Binti yake, Lynn, alikuwa akiposwa na Kyalo, Mkamba wa upande wa Matuu. Ndung'u, kakake Lynn, alikuwa amechapisha programu ya kupendeza: Entertainment, dakika ishirini. Alikuwa pia amemwita mpiga saksafoni. Akamwambia Wakonyo angoje zamu yake. Wakonyo akasema sawa, akavuta kiti mahali anapoweza kuuona mlango wa nyumba. Hakuwa amewahi kuona ruracio iliyovunjikia hemani; zote huvunjikia ndani.

Mlango ukafunguka kabla ya wakati. Akatoka Mzee Kitheka, ami wa Kyalo na msemaji wa wageni, kofia imekunjwa mkononi. Kyalo alikuja nyuma yake, uso umemshuka, akamnong'onezea Wakonyo yaliyotokea. Kitheka alikuwa ameleta asali ya mizinga yake mwenyewe. Wazee wa Gachau wakaionja, wakaambiana kwa Kikuyu kwamba imepikwa kwa sukari, wakacheka. Hawakujua kwamba Kitheka ameuza maembe soko la Thika miaka na miaka, na Kikuyu anakijua hadi matusi.

"Tunaenda," Kitheka aliwaambia watu wake. "Kama asali yangu ni ya uongo, basi hata kijana wangu ni wa uongo."

Wageni wakiondoka bila kula, Gachau hangewafungulia geti tena. Lynn alimjua babake. Alikuwa nyuma ya nyumba na wasichana wenzake, wakingoja kufunikwa leso toka utosini hadi vifundoni ili Kyalo aje amtambue, na akikosea alipe faini ya mbuzi. Habari zilipomfikia akaanza kulia kimyakimya. Wakonyo hakumbembeleza.

"Toa viatu," alimwambia.

Vile viatu vyeupe, ambavyo wageni wote walikuwa wamemwona navyo asubuhi, akamvisha Cucu Wamboi, nyanya yake Lynn, mamake Gachau. Vilimbana. Cucu akasema amewahi kubanwa na makubwa zaidi. Wakonyo akawafunika wote, lakini hakuwapanga mbele ya hema kama ilivyo desturi. Aliwapanga getini, bega kwa bega. Kisha akashika maikrofoni.

"Mzee Kitheka, pita tu. Lakini mila inasema anayempita bibi harusi bila kumtambua amemkana. Na leo kijana hachagui. Anachagua mkubwa wa safari."

Mila hiyo ilikuwa haijamaliza dakika mbili tangu kuzaliwa. Hakuna aliyebisha. Wakikuyu walidhani ni ya Wakamba, na Wakamba wakadhani ni ya Wakikuyu.

Kitheka akasimama. Kukwepa mbele ya hema zima hakungewezekana. Wakonyo alikuwa amekwisha kumpima tangu asubuhi: mtu mjanja humuuzii kitu, unakiacha mahali atakapokiona mwenyewe. Mzee akatembea polepole, macho miguuni mwao. Alipofika kwenye viatu vyeupe akatabasamu.

"Huyu."

Leso ikafunuliwa. Hema lote likaangua kicheko, isipokuwa Cucu Wamboi. Yeye alimshika Kitheka mkono, na katika mkono wa mama wa umri ule mtu haponyoki.

"Nimechaguliwa," akasema. "Mzee wangu alikufa zamani, sikujua bado niko sokoni. Asali yangu iko wapi?"

Ikaletwa. Akachovya kidole, akalamba, akachovya tena. Gachau na wazee wake walikuwa wametoka, wamesimama mlangoni.

"Gachau, nani alisema hii ni sukari?"

"Ilikuwa mzaha tu, Maitu," Gachau akamjibu mamake.

"Basi njoo umwambie mume wangu ilikuwa mzaha."

Gachau akaja. Akasema, safari hii kwa Kiswahili, kwamba asali ni asali, na kwamba wamekosa. Kitheka akakubali, akaongeza kuwa ile faini ya kuchagua vibaya atailipa. Cucu akamuuliza, vibaya vipi? Wazee wakarudi ndani pamoja, na walipotoka wakaagiza chakula.

Ndung'u alimfuata Wakonyo akilalamika kwamba programu imevurugika na saksafoni haijapigwa. Wakonyo akamwambia ipigwe sasa. Watu wanakula, hakuna atakayeondoka.

Baadaye Kitheka alimjia, sahani mkononi. Alikuwa na binti wa kuozwa Desemba, na alitaka entertainment.

Wakonyo hakuuliza wageni watakuwa wangapi.

"Boma lenu lina mageti mangapi?"

"Moja."

"Nitakuja," akasema.