Baba Aliuliza Maji Yako Wapi

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi. Msiniambie nilifanya kwa mapenzi. Hayo nimeambiwa kanisani, nimeambiwa na mume wangu, na nimeyachoka!

Baba yangu alikuwa mzee wa Suji, kule milimani, macho yameingia ukungu, hakutambui mpaka useme. Kifua kilipombana akatuita, mimi na kaka. Akasema hataki kushushwa hospitali Same. Anataka kufia kwake, akisikia mfereji unaopita nyuma ya nyumba, mfereji aliouchimba pamoja na babu. Kaka akampa mkono kwamba itakuwa hivyo.

Mimi nikawaka. Nimesoma mpaka darasa la kumi, nina mtoto mgongoni, halafu baba afe kama mbuzi na hospitali ipo? Dresa, mganga wa zahanati yetu, alikwisha kuniambia huu ni uzee, hauna dawa. Nikamwona mvivu tu. Nikamvuta kaka uani, nikamwambia neno ambalo mpaka leo linakaa kati yetu: "Unataka afe upesi, uchukue kahawa yake."

Neno hilo likamvunja kaka. Akaenda kutafuta vijana wa kubeba machela.

Baba angekubali vipi? Nikatunga uongo. Nikamwambia tunampeleka kwa shangazi, dada yake, akamuage. Alifurahi, jamani! Akaomba koti lake la kanisani. Akasema huko huko atatukusanya atuachie maneno yake, na atamtemea mjukuu wake mate ya baraka utosini.

Sasa, njia ya kwa shangazi inafuata mfereji mwanzo mpaka mwisho. Ya Same inauacha pale chini ya kanisa. Tulipoanza kuteremka, baba akainua kichwa.

"Mwanangu, maji yako wapi? Mbona siyasikii?"

"Yako mbele, baba."

Akauliza tena. Nikamjibu vile vile. Mara ya tatu hakuuliza. Alivuta koti akajifunika uso.

Hospitali mtoto alikatazwa kuingia wodini. Daktari akampima baba, akaniuliza taratibu kwa nini tumemtesa mzee njia yote ile. Siku mbili baba alilala ameelekea ukutani. Nilimsihi aseme neno lolote, hata la kunilaani. Hakunipa. Siku ya tatu akafa.

Tulimpandisha kwa machela ile ile. Tulipoufikia mfereji, vijana wakamtua wapumzike. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yanapiga kelele. Kaka akanitazama.

"Mwambie basi," akasema. "Mwambie maji haya hapa."

Niliwaambia vijana wainue machela.

Mfereji huo huo unapita karibu na jiko langu huku nilikoolewa. Mara mbili nimeuziba kwa udongo, majirani wa chini wakaja kunigombeza kwamba migomba yao inakauka. Sikuwaambia sababu. Niwaambie nini? Kwamba nikiosha vyungu nasikia mtu ananiuliza?

Wewe dada uliyesoma kama mimi, mzazi akikwambia anataka kufia wapi, weka masomo yako pembeni umsikilize. Mkono ukishampa, usiurudishe. Na kama umeshakosea, mko njiani naye, naye haoni, akakuuliza mko wapi, mwambie kweli. Mwambie angali anaweza kukwambia mrudi.