Halafu ya Wifi

Basi lilinitema kwenye kituo nisichokijua, jua likiwa utosini. Ramani niliyochorewa ilikuwa na maduka mawili ya viatu. Barabara ilikuwa na sita. Nikamuuliza muuza soli mmoja anapoishi yule mwandishi wa riwaya.

"Mama Kurasa? Fuata mlio wa cherehani," alisema bila kuinua uso. "Ukikatika, usidhani umepotea. Subiri, utarudi."

Ukakatika mara tatu kabla sijafika. Mara ya nne nilikuwa ngazini, ghorofa ya pili, mbele ya mlango uliokuwa wazi.

Ndani, mwanamke mrefu alikuwa akitembea. Anatoka mlango wa jiko, anafika dirishani, anageuka, anarudi. Viganja amevishika mbele yake kama aliyekinga maji. Baridi yabisi imemkaa tangu ujanani. Vidole vyote vimelala upande mmoja, mithili ya nyasi zilizopitiwa na upepo. Alinikaribisha akiwa mwendoni na kunionyesha kiti kwa kidevu. Yeye hakai. Akikaa kidogo tu magoti yanajifunga, na kuyafungua ni kazi ya asubuhi nzima.

"Uliza, lakini usinisimamishe," alisema. "Nikiganda hapa katikati utanibeba wewe?"

Nilikuwa nimekuja kujua mtu asiyeweza kushika kalamu anaandikaje. Sikuhitaji kuuliza. Penye ukuta alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, fundi wa nguo, akikanyaga cherehani. Mama Kurasa anatembea na sentensi mdomoni, anaitafuna, anaitema, anaiokota tena. Ikiiva anaisema. Hapo wifi anasimamisha mguu, anachomoa kalamu kwenye kilemba, anaandika juu ya karatasi ile ile anayokatia mifano ya magauni, kisha anasema neno moja: "Halafu?" Na mguu unarudi kazini.

Riwaya nne zimetoka hivyo. Mhariri wake, nikaambiwa, ameshazoea kupokea sura zenye umbo la mikono ya shati.

Siku hiyo palikuwa na haraka. Kesho yake Mama Kurasa alikuwa apasuliwe nyonga, na kaka yake alikuwa njiani na gari kumpeleka akalazwe. Moyo wake si mzima sana, na daktari hakumficha kwamba nusu kaputi kwake si usingizi wa mchezo. Kwa hiyo alitaka riwaya ya tano iishe kabla honi haijalia. Ilibaki sura ya mwisho: tarishi mstaafu, mgonjwa wa viungo, anapanda ngazi za nyumba yake na kufia katikati.

"Sitaki kumwacha mtu ngazini," aliniambia, akigeuka dirishani. "Nikiondoka, niondoke nimemfikisha."

Tarishi alipanda. Alishika ukuta. Aliweka mkoba chini. Wifi aliandika yote hayo, halafu akarudisha kalamu kilembani na kuvuta kitambaa karibu.

"Wifi, bado," alisema Mama Kurasa.

"Mimi nimemaliza."

"Huyu ni mtu wa karatasi."

"Karatasi gani inayoshika kikombe kwa viganja viwili kama wewe? Inashuka kitandani kwa ubavu kama wewe? Leo unakwenda kulazwa, mimi nikae hapa nikuandikie unakufa? Siandiki."

Mama Kurasa alimkumbusha kwamba kwenye kitabu cha pili mama mkwe alikufa, na hapakuwa na mgomo.

"Yule niliandika mbio," wifi alikiri.

"Alikuwa mama yangu yule. Nilimchora kama alivyo."

"Ndiyo maana mwandiko ulipendeza."

Walicheka wote wawili, lakini kalamu haikutoka. Mama Kurasa aliongeza mwendo. Jiko, dirisha, jiko. Mwishowe aliniangalia mimi. Wifi akaichomoa kalamu na kunitupia mapajani, kama anayempa mgeni ufagio.

Nikaandika. Alisema sentensi, nikaidaka. Akasema ya pili, nikaidaka pia. Ya tatu haikuja. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, mdomo unachezacheza bila kutoa kitu. Aliniomba nisome. Nikasoma.

"Futa."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Umenyamaza tu." Alipumua. "Wewe hutaki kujua kinachofuata."

Wifi hakuinua uso. Alikuwa anamalizia vazi la hospitali, pana, lililo wazi mbele, la kufunga kwa kamba kwa sababu vifungo vidole vya mwenyewe havivijui. Alikata uzi kwa meno. Honi ikalia chini.

Palikuwa na pilikapilika za mkoba, dawa, ndala. Wifi alikunja lile vazi na kulitia juu kabisa. Yeye angefuata jioni na vitu vilivyobaki. Hawakuagana. Mama Kurasa alishuka kwa ubavu, mkono ukutani, na tukasikia kila ngazi ikimgharimu. Katikati alisimama. Wifi naye akasimamisha kila kitu, hata pumzi, mpaka hatua zikaanza tena.

Ndipo akaenda dirishani. Mama Kurasa alikuwa ameshaingiza mguu mmoja garini, kaka yake kamshika kwapa.

"Halafu?" wifi aliuliza kutoka juu.

Mama Kurasa aliinua uso.

"Halafu akapumzika ngazini," alisema. "Avute pumzi kidogo."

"Halafu?"

"Nikirudi."

Mlango wa gari ukafungwa. Lilipokata kona, wifi alinijia, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika ile sentensi ya mapumziko na kuweka nukta nzito. Basi langu lilikuwa linaondoka saa ile, nami sikulikumbuka. Cherehani ilianza tena.

"Kaa chini, mgeni," aliniambia baada ya muda. "Mzungukaji wa nyumba hii ameondoka."

Nikatazama nilipo. Nilikuwa dirishani, nimetoka jikoni.