Kaka Yangu na Jina la Marehemu

Besiboli ni mchezo wa kutema mate. Wapo watakaokwambia ni mchezo wa akili na subira, lakini hao hawajawahi kufua jezi ya mrushaji. Mimi nimezifua. Kaka yangu alirusha mpira kwa kulipwa miaka ishirini na miwili, akavaa jezi za timu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyorudi nyumbani bila madoa ya tumbaku kifuani na harufu ya dawa ya kuchua ambayo ingemtoa nyoka pangoni. Magazeti ya hapa mjini San Pedro yalimwandika Anselmo Encarnación. Jina lake ni Wenceslao. Nyumbani tulimwita Lao. Anselmo ni mwingine.

Anselmo alikuwa mdogo wake Lao. Alikufa kwa homa akiwa na miaka miwili, mwaka mmoja kabla sijazaliwa, katika kambi ya wakata miwa ambako baba alifanya kazi. Kambini kwetu mtoto akifa anazikwa, basi. Nani apoteze kibarua cha siku nzima kwenda mjini kuandikisha kifo? Baba alimchongea msalaba, akaupaka chokaa, akaandika jina kwa rangi nyeusi. Shule alisoma miaka miwili tu, kwa hiyo ile herufi N aliigeuza ikatazama nyuma. Baba naye alipofariki, mama akawa anautunza ule msalaba kuliko kitanda chake.

Lao alipofika miaka kumi na tisa, akaja Papo Cordero. Kazi yake ilikuwa kuokota vijana, kuwafundisha, kisha kuwauza kwa timu za Wamarekani na kukata fungu lake. Aliwaminya mabega kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, na kijiti cha meno hakikumtoka mdomoni hata akiwa kanisani.

"Mama Nereida," alimwambia mama, "mwanao ana mkono wa dhahabu. Tatizo kazeeka."

"Kazeeka? Juzi tu nilikuwa namfunga kamba za viatu!"

"Kwa Wamarekani huyo ni makapi, mama. Wa kumi na sita akirusha hivi, wanagombana. Wa kumi na tisa akirusha hivi, wanauliza alikuwa wapi siku zote." Akachokoa jino. "Nasikia una cheti kingine cha kuzaliwa ndani, cha wa kumi na sita."

Hakuhitaji mpelelezi kumwambia. Nusu ya vijana wa mtaa wetu pale kambini walirusha kwa umri wa binamu zao, na hakuna aliyeona haya. Tofauti ni kwamba binamu hao walikuwa hai, wakila na kulewa, wakingoja mgawo wao.

Mama alikataa siku tatu. Siku ya nne Lao alimpigia magoti jikoni.

"Mama, ni karatasi tu. Siku nikistaafu naweka kila kitu sawa. Namwandika upya Anselmo, kwa marumaru. Naapa mbele ya Bikira."

Mama akatoa cheti kwenye kopo la biskuti, akampa bila kumtazama.

Kumbe cheti peke yake hakikutosha. Wamarekani walikuwa wakituma watu kuchunguza, na wengine walifika mpaka makaburini. Basi Papo akaja na kopo la rangi nyeupe. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimeshika mkono wa mama. Papo alilipaka lile jina la msalabani mara mbili likapotea lote, akajifuta vidole kwenye nyasi, akatema mate hatua moja tu kutoka alipolala kichwa cha mtoto.

"Haya," akasema. "Sasa yuko hai."

Nimechukia watu wengi maishani, lakini yule bado nikimkumbuka chakula hakipiti.

Mchunguzi alipofika, viatu vinang'aa, mtaa mzima ulikuwa umeshafundishwa. Akamuuliza Doña Tatica, muuza maandazi wa pale kona, kama anamjua Anselmo Encarnación.

"Anselmo?" bibi akamjibu. "We kijana, huyo nimemwogesha kwa mikono yangu hii!"

Wala hakusema uongo. Alimwogesha kweli, siku aliyozaliwa na siku aliyozikwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yangu ilipita Florida, ikazunguka miji ya Amerika ambayo hata Mungu anaitafuta kwenye ramani, na mle akakaa miaka saba ndani ya mabasi ya timu za ligi ndogo. Ligi kubwa aliionja siku kumi na tisa. Siku ya ishirini meneja alimwita ofisini, na hata kiti hakumpa. Tangu hapo akawa mtu wa kuitwa mahali palipotoboka: Meksiko, Nikaragua, Taiwani, Italia kwenye timu iliyochezea kando ya ghala la jibini, Venezuela miezi minne, na kila msimu wa baridi hapa nyumbani. Kiwiko walikipasua mara mbili. Mara nyingine walikinyonya maji kwa sindano asubuhi, jioni wakamwambia nenda karushe. Mimi ni muuguzi, nimeona vidonda vya kila namna, lakini kilichonichefua ni yeye mwenyewe kucheka huku akinionyesha picha za ile sindano. Alifikia mahali hawezi kuchana nywele kwa mkono ule, na bado simu ikilia kutoka nchi yoyote, anafunga begi.

Kila Novemba, siku ya marehemu, makaburi ya kambini yanajaa mishumaa na watu wanasoma majina kwa sauti. Mama aliwasha wake mbele ya msalaba usio na kitu. Watu wakipita wanageuza macho kwa sababu wanajua. Akirudi nyumbani anamuuliza Lao lini atalirudisha jina, na Lao anamjibu yale yale.

"Mwaka mmoja tu, mama. Nimepata timu."

Na mimi je? Mimi nilikula. Nyumba ya matofali, friji, ada ya chuo cha uuguzi, hata haya meno ya mbele, vyote vimetoka kwenye jina la mtoto aliye chini ya ardhi. Nilikula nikashiba, nikajifuta mdomo, nikanyamaza. Kwa hiyo nikisema Lao ananichukiza, msidhani nimejitoa.

Mwishowe mkono ulikataa kabisa. Timu ya hapa nyumbani ikaamua kumuaga uwanjani kabla ya mechi ya Jumapili. Sisi tulijua ana arobaini na moja, gazeti likaandika thelathini na nane. Asubuhi mama alivaa gauni lake la bluu, akasimama mbele yake mlangoni.

"Leo ndio leo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," Lao akasema, akainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Nilipaswa kujua pale pale.

Uwanjani walimpa ngao ya shaba yenye jina la Anselmo kwa herufi kubwa. Lao akashika kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akawashukuru mashabiki, akamshukuru Papo Cordero, ambaye alikuwa ameketi kiti cha wageni wa heshima, amenenepa, kijiti mdomoni. Mama alikuwa akimtazama midomo. Kila Lao alipovuta pumzi, naye alivuta. Kisha mtangazaji akapaza sauti: kuanzia mwezi ujao, Anselmo wetu atafundisha warushaji wachanga katika kituo cha mazoezi cha timu ya Kimarekani! Watu wakashangilia. Hapo ndipo nikaelewa. Kazi mpya, karatasi zile zile.

"Na sasa mama mzazi!" mtangazaji akaendelea. "Mama, neno moja tu kwa mashabiki!"

Mama alikishika kile kipaza kwa mikono miwili.

"Anselmo wangu alikufa na miaka miwili," akasema. "Yuko kambini, hana jina. Huyu hapa ni Wenceslao. Naomba yule mtoto mumrudishe."

Kisha kutoka upande wa jukwaa la watu wa mtaa wetu, mtu akapiga kelele, "Mpeni bibi kofia, jua limempanda kichwani!" Wakacheka. Watu waliokula maandazi ya Doña Tatica, watu waliokuwepo kwenye mazishi, ndio waliocheka kwa nguvu kuliko wote, na kicheko kikazunguka uwanja mzima mpaka kwa Papo, akashika tumbo.

Nilimtazama kaka yangu. Nafasi ilikuwa pale, mbele yake, alihitaji kusema neno moja tu. Alimzunguka mama kwa ule mkono mbovu, akachukua kipaza taratibu.

"Mnisamehe jamani," akasema. "Mama yangu umri umekwenda. Siku hizi anachanganya mambo."

Wakampigia makofi kwa kuwa mtoto mwema.

Nilimtoa mama kwa mlango wa pembeni, nikampakia garini. Njia nzima nilimwangalia kwa jicho la kazi yangu: wazee waliochanganyikiwa nawahudumia kila siku, nawajua. Mama alijua barabara, alijua siku, alinionya kuhusu shimo kabla ya daraja. Tulipofika shamba la miwa ndipo akaniuliza.

"Yule aliyeninyang'anya kipaza ni nani?"

"Ni mwanao, mama."

"Yupi?"

Nikabadili gia, nikaendesha mpaka nyumbani.