Simu Niliyopiga Kutoka Ngomeni

Pale Brooklyn Park, Marekani, mtu hapewi habari ya msiba akiwa kazini, wala akiwa anaendesha gari. Huo ndio utaratibu wetu, Watanzania na Wakenya, na sijui nani aliuanzisha. Habari ikitoka nyumbani, mwenye msiba ndiye anakuwa wa mwisho kuipata. Kwanza anaambiwa mume wake au mke wake. Halafu sisi wengine tunapigiana simu: leo anatoka shifti saa ngapi, nani ana ufunguo wa kwake, nani atapika chai, mchungaji yuko wapi. Tukishajaa sebuleni ndipo anafika, anafungua mlango na kukuta viatu vya watu vimejaa. Mara nyingi hatuhitaji hata kusema neno. Mimi nilikuwa fundi wa shughuli hiyo. Ndimi niliyepewa kazi ya kumpigia mfiwa na kumwambia kwa sauti ya kawaida kwamba akitoka kazini asipitie dukani, aje moja kwa moja, kuna mtu anataka kumwona. Wenzangu walinisifu kwa sauti yangu, eti haitetemeki.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Mwaka ule grini kadi yangu ilikuwa imetoka, baada ya miaka tisa ya kuishi Minnesota bila kuthubutu kuvuka mpaka, kwa sababu ningetoka nisingerudi. Miaka tisa sikumwona mama yangu. Alikuwa Moshi, anaumwa sukari, na mguu mmoja ulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Kila mtu alijua safari yangu ya kwanza ingekuwa kwenda kwake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaomba likizo ya Desemba na kununua khanga za kumpelekea, jambo la kuchekesha kidogo, maana khanga zenyewe zilitoka Dar es Salaam.

Wakati huo nilikuwa namtunza bibi mmoja kule Eden Prairie. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa historia ya sanaa, mwenye ule ugonjwa wa kutetemeka. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikampa vidonge vyake kwa saa. Alikuwa na ulimi mkali na mimi pia ninao, kwa hiyo tulielewana. Zamani, walipooana tu, yeye na mumewe walizunguka kwa gari wiki mbili kwenye vilima vya kusini mwa Parma, kule Italia, wakitazama ngome na makasri ya kale. Sasa alitaka kuyaona tena kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mwanawe hakuwa na nafasi ya kumpeleka. Akasema mama aende na msaidizi wake, siku kumi, mwezi wa Oktoba.

"Kwenu utakwenda Desemba," bibi aliniambia. "Mimi hiyo Desemba sina uhakika nayo."

Nilimpigia mama. Alikuwa ametoka hospitali juzi yake, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimweleza habari ya ngome, nikiwa nusu natumaini atanikataza.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mimi sijambo. Utakuja kunisimulia."

Wazazi wetu hawajui kusema jambo lingine. Ningempigia kutoka mwezini angesema hajambo. Nilijua hivyo, na bado nilishika maneno yake kama yalivyo kwa sababu yalinifaa. Nilitaka kwenda. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeona vyumba vya wazee, barabara ya kwenda kwenye vyumba vya wazee na theluji, basi. Kwa hiyo nikapanga: Oktoba ngome, Desemba mama.

Ngome hazikujengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Zilijengwa mtu asiingie, na mimi siku nzima nilikuwa nasukuma mtu aingie. Njia zake ni za mawe ya mviringo yaliyomtikisa bibi wa watu hadi meno. Ngazi ni nyembamba, zinazunguka, na hazina mahali pa kushika. Watalii wengine walitazama minara, mimi nilihesabu vidato na kutafuta choo. Dereva wetu, mzee mkimya, alinisaidia kuinua kiti pale ilipobidi, na tulipokwama kabisa bibi alibaki chini, akanituma mimi nipande nikamtazamie. Nikishuka alinihoji kama mwanafunzi: dirisha linatazama wapi, mchoro wa mwanamke mwenye mbwa bado upo?

Kwenye ngome ya kwanza walituonyesha jela. Ni shimo chini ya sakafu, lenye mlango juu kama wa pipa, na mtu alishushwa humo kwa kamba. Watalii walipokezana kupiga picha. Mimi sikupiga. Nilikuwa na tabia ambayo sikuitegemea: kila ngome niliyoingia, nilitafuta jiko. Nilitaka kujua maji yalipandishwa vipi, majivu yalimwagwa wapi, na nani alilala karibu na moto. Kwenye chumba cha bwana mmoja, kando ya kitanda chake kikubwa chenye mapazia, kulikuwa na kijikabati ukutani. Bibi akaniambia humo ndimo mtumishi alikuwa analala, ili akiitwa asikie.

"Hapo ndipo wangekulaza wewe," alisema, akacheka.

Sikucheka. Nyumbani kwake Eden Prairie, siku alizozidiwa, nililala kwenye kochi nje ya mlango wake, na mlango niliuacha wazi. Nadhani alikumbuka hilo, maana baadaye aliniomba radhi wakati namvua viatu.

Lakini nisidanganye, nilifurahi. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni hadi saa nne, kisha ulipanda polepole na mashamba ya zabibu yakaonekana, yamegeuka mekundu. Hakuna aliyenipigia simu kuniomba nimshikie shifti. Nilikula vizuri. Nilimsimulia mama kichwani, kila siku, nikipanga maneno: mama, wana nyama wanaining'iniza mwaka mzima bila kuipika, halafu wanaila.

Alhamisi tulikuwa ngome ya tatu, kwenye kijiji cha mtaa mmoja juu ya kilima. Nilimweka bibi kwenye jua na kahawa yake, dereva akakaa naye, nami nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na lango. Nilikwangua kadi ya simu, nikabonyeza zile namba zisizoisha, nikampigia kaka yangu, ambaye mama alikuwa akiishi kwake. Italia ilikuwa saa kumi alasiri, Moshi saa kumi na moja.

"Mdogo wangu," kaka alisema. "Habari za huko?"

Kaka yangu kamwe hakuwa ananiuliza habari za huko. Ni mtu wa kuanza na malalamiko.

"Nzuri. Nipe mama."

"Mama amelala. Daktari kasema asisumbuliwe."

Nyuma yake nilisikia viti vya plastiki vikishushwa kutoka kwenye gari. Mtu akishusha viti vilivyopachikwa pamoja, vikiachana vinatoa mlio ambao mimi nimeusikia tangu utotoni, na unasikika mahali pawili tu, harusini na msibani. Kisha mwanamke akauliza maturubai yafungwe upande gani. Niliijua sauti yake. Alikuwa mama mmoja wa kwaya, yule anayesimamia shughuli zote za mtaa wetu.

"Kuna wageni?" niliuliza.

"Aa, watu wa kanisa tu. Wamekuja kumwona mgonjwa."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilimwonea huruma, kwa sababu najua ugumu wa kuishikilia sauti ya namna hiyo. Nikasikia anavuta pumzi na kungoja. Ilikuwa zamu yangu kusema. Ningeweza kumwambia amwamshe. Ningeweza kuuliza kwa neno moja. Nilitazama nje ya kile kibanda, nikamwona bibi yangu amefumba macho juani, kofia imemwangukia upande, na kikombe kinamtetemeka mkononi.

"Haya," nilisema. "Akiamka mwambie nimepiga."

"Nitamwambia," alisema kaka yangu.

Nilirudi mezani, nikamwekea bibi kofia sawa. Nilijua. Sitaki kusema nilihisi, au moyo ulinidunda, au chochote cha namna hiyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na niliamua kutojua. Nilijiambia bibi huyu nitamwacha na nani, atavalishwa na nani. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa nitakuwa sina mama. Na kesho yake ilikuwa siku ya kasri kubwa, lile ambalo bibi alikuwa amelizungumzia tangu Minnesota, na nilitaka kuliona. Nayaandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo yalivyokuwa.

Usiku ule, saa ambayo kule Minnesota watoto wameshatoka shule, nilimpigia mume wangu. Nikaomba kuongea na binti yetu, wa miaka saba, mtoto asiyeweza kuficha hata pipi. Mume wangu akasema yuko bafuni. Sikumwambia nitasubiri.

Kasri lilikuwa na lifti. Tulipanda hadi kwenye chumba ambacho kuta zake zote, pamoja na dari, zimechorwa bustani: matawi, ndege, na wanawake wameegemea ukingo wa roshani wanatutazama. Bibi alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Walisimama pale, alisema, yeye na mumewe, siku ya mvua, wakiwa peke yao. Akaanza kulia. Na mimi nikalia, sana kuliko yeye, hadi mlinzi akaniletea kiti. Bibi akanipapasa mgongoni, akasema nina moyo mwema kumlilia mtu nisiyemjua. Nilimwacha aamini hivyo.

Siku zilizobaki sikupiga simu. Nilijiambia kadi imeisha. Duka la kadi lilikuwa chini ya hoteli yetu.

Tulirudi Jumatano mchana. Mwana wa bibi alimpokea mama yake uwanjani, na mimi nikampata mume wangu, pamoja na jirani yetu Mkenya. Jirani ndiye aliyekuja na gari lake. Mume wangu hakuendesha, na hilo peke yake lingetosha.

"Karibu, mama," jirani alisema. "Pole na safari. Leta hiyo begi nikubebee. Kaa nyuma u-relax, sawa?"

Mume wangu naye akakaa nyuma, pembeni yangu. Njia nzima tuliongea habari za hali ya hewa. Jirani aliendesha taratibu, na kila aliponitazama kwenye kioo alitabasamu, nami nikamtabasamia. Kwenye maegesho ya fleti zetu niliyatambua magari yote, moja moja, na wenyewe. Mlango ulikuwa umesharudishwa nusu. Sikuwaacha waseme. Nilianguka pale pale kwenye viatu na kupiga ukelele, na wanawake watatu wakanidaka, kama ambavyo mimi nimedaka wengine. Kilio kilikuwa cha kweli. Waliniambia mama alikuwa amezikwa Jumatatu. Waliniambia hawakutaka nipate habari ugenini, peke yangu, sina hata mtu wa kunishika. Nikawashukuru.

Desemba nilikwenda Moshi kama nilivyopanga. Kaburi liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa, na mashada yalikuwa yameshakauka. Kaka yangu alinisindikiza, akasimama kando na kuniacha nikae. Niliporudi alikuwa anachezea ufunguo wa gari.

"Nina jambo limenikaa," alisema. "Mazishi yalikuwa yawe Jumamosi. Mimi nikayasogeza hadi Jumatatu, wazee wakanigombeza, nikawaambia mochwari ina foleni."

"Kwa nini?"

"Mumeo alisema tusikwambie. Nikamkubalia. Lakini siku ile ulipopiga nilishaamua moyoni, ukisema nimwamshe mama, nakwambia. Kutoka Italia si mbali. Ungekata tiketi Ijumaa, ungefika Jumapili, ungemwona." Akautia ufunguo mfukoni. "Nilikaa na simu mkononi hadi Jumapili jioni, nikijua utapiga tena."

Nilimwambia kwamba sikujua chochote, kwamba yeye aliniambia amelala nami nikaamini.

Kaka yangu akasema hata yeye alifikiri hivyo, kisha akaniomba nimsamehe.